Kabla ya msingi kuchimbwa
Kituo cha treni cha King's Cross, London, kilifunguliwa mwaka 1852. Kilipoongezewa ukumbi mpya mwaka 2012, chini yake tayari palikuwa na ukumbi wa tiketi wa reli ya chini ya ardhi. Haukuvunjwa. Paa la chuma la ukumbi mpya lilibebwa na nguzo zake lenyewe, bila kuuegemea ukuta mkongwe wa kituo, na treni ziliendelea kufanya safari.

Hapa kwetu pia hospitali nyingi zinapanuliwa, na chini yake tayari pana vitu vilivyofukiwa. Tunazitaka halmashauri zidai ramani ya mabomba, nyaya na mitaro kabla ya kutangaza zabuni. Mashimo ya uchunguzi yachimbwe kwa sururu na koleo, si kwa mtambo wa kijiko. Bomba likipasuka, wodi ya wazazi ndiyo inayokosa maji.