Siki na bakingi soda visichanganywe

Makala ya kusafisha jiko la gesi ni nzuri, ila hapo pa kuchanganya siki na bakingi soda nampinga mwandishi. Lile povu linafurahisha macho tu. Siki ni asidi na soda ni kinyume chake. Vikikutana vinamalizana nguvu, unabaki na maji ya chumvichumvi. Tumia kimoja kimoja. Kwa mafuta yaliyogandia kuzunguka bana, koroga soda na maji kidogo iwe kama uji mzito, paka, acha robo saa, kisha futa kwa kitambaa laini ukifuata mistari ya chuma, usizungushe mkono. Siki iliyozimuliwa ije baadaye, kwa yale madoa meupe ya maji ambayo sisi wa maji ya kisima hapa Dar tunayajua sana. Vifuniko vya bana vikiwa vya alumini, soda isiviguse, vitafifia na kuwa vyeusi. Sabuni ya vyombo na maji ya moto vinatosha.

Kilichosahaulika ni kuonya kuhusu jiki. Klorini yake hutoboa vishimo vidogo hata kwenye chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu. Stili waya nayo huacha chembechembe za chuma, ndizo zinazoota kutu baadaye, halafu mtu analalamika kauziwa jiko feki!

Na jamani, kabla ya kuanza kusugua, fungeni gesi kwenye mtungi na mliache jiko lipoe.