Mchuma una kodi kuliko nyumba!

Mimi mzima, ila mfuko ndio mgonjwa. Wiki hii tuache kidogo habari za nani kaachana na nani, tuongee habari ya taa. Si taa ya chumbani, jamani! Ni ile ya njano yenye kipicha cha injini, ambayo ikiwaka kwenye dashibodi mwenye gari ananywea ghafla kama mpangaji aliyekutana na mwenye nyumba wake tarehe mbili.

Nyumbani tuna mchuma mmoja, mtumba wa Japani wa mwaka 2004, alituachia marehemu Mzee. Si gari la kutambia mademu. Kazi yake ni moja: alfajiri namchukua Bi Mkubwa kutoka Tabata hadi soko la Mabibo, tunapakia nyanya, vitunguu na hoho, tunarudi gengeni. Ada ya mdogo wangu inatoka humo humo. Kwa hiyo gari likilala, siumbuki mimi peke yangu mbele ya washikaji, inayumba nyumba nzima.

Basi bwana, miezi mitatu iliyopita taa ikawaka. Gari likawa linatetemeka likisimama kwenye foleni, na mafuta linakunywa kama halina akili nzuri. Nikalipeleka kwa fundi wetu wa mtaani, pale chini ya mwembe. Akachomeka mashine yake chini ya usukani, ikasoma P0171. Akasema, "Dogo, hii kodi ya sensa." Akabonyeza, taa ikazimika, nikalipa 15,000. Nikaondoka napiga mluzi.

Siku ya tatu, taa hiyo hapo!

Mafundi wengi ile namba wanaiita "kodi", na nawaambieni jina limekaa mahali pake. Kodi ya nyumba ukiipiga chenga leo, mwisho wa mwezi mwenyewe yuko mlangoni. Nikafutiwa mara nne, 60,000 ikaenda. Nikaambiwa ninunue sensa ya oksijeni, nami sensa niliyokuwa naijua ni ile ya kuhesabiwa ya mwaka 2022. Hiyo 90,000. Plagi nne, 60,000. Pampu ya mafuta iliyotumika, 120,000. Jumlisha mwenyewe: 330,000, na taa bado inang'aa kama iko disko.

Jioni moja Bi Mkubwa akaniita uani. "Mwanangu, gari hili baba yako aliliacha litulishe. Sasa sisi ndio tunalilisha. Liuze."

Dalali hakuchelewa, ninyi mnawajua. Akalizunguka, akapiga tairi teke, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dogo, mteja akija, chomoa waya wa betri kidogo halafu urudishe. Taa itazimika. Itakapowaka tena, itawakia kwake."

Sitawaficha, nilitamani. Siku mbili nzima nilikuwa nazihesabu zile hela kichwani. Kilichonizuia si utakatifu. Mteja mwenyewe alipokuja, nikaona ni kijana wa rika langu, kaendesha bodaboda ya mtu na kudunduliza mpaka apate gari la kufanyia teksi. Alikuwa anauliza maswali kwa aibu, kama mimi ninavyouliza kwa fundi. Ulimi ukanigoma. Nikamwambia dalali anipe wiki moja. Kanuna huyo!

Hapo ndipo nikamkumbuka mshikaji wangu niliyesoma naye sekondari. Mimi baada ya kidato cha nne nikaingia kwenye kalamu, yeye akaenda VETA kusomea magari. Akaja na kidude cha Bluetooth kama kiberiti, akakichomeka, akafungua simu. Swali lake la kwanza: "Nani alikwambia uwe unafuta?"

Akanieleza taratibu. Ile namba si jina la mwizi. Ni kelele za jirani anayepiga yowe "Mwizi!" Unajua kuna wizi, ila hujui nani kaiba. P maana yake ni mambo ya injini na gia. Sifuri ni kwamba kosa hilo linaitwa hivyo hivyo kwa watengenezaji wote. Moja ni upande wa hewa na mafuta. Zinazobaki zinataja lalamiko lenyewe: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Injini ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Sensa ya oksijeni ikiona hewa imezidi inaripoti, na kompyuta inaongeza mafuta. Ikiongeza mpaka ikafika mwisho wa uwezo wake, inawasha taa. Kwa hiyo ile sensa niliyoitupa ilikuwa shahidi mkweli. Nilimfukuza shahidi, mwizi nikamwacha ndani!

Tena kila ulipofutwa ujumbe, ilifutwa na kumbukumbu ya hali ya injini siku ya kosa: mwendo, joto, mzunguko. Ni sawa na kufagia nyayo kabla polisi hawajafika. Nikamuuliza, mbona inarudi siku ya tatu? Akasema kompyuta haikurupuki. Kwa kosa kama hili, kwa kawaida inasubiri ilione safari mbili mfululizo ndipo iwashe taa.

Halafu akanionyesha namba kwenye simu. Gari likiunguruma limesimama, kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 28. Akakanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, namba ikashuka hadi 5. Akacheka. "Kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma." Injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo ni wizi mkubwa. Ukikanyaga inavuta nyingi, wizi ule ule hauonekani. Chota kijiko kwenye kikombe, halafu chota kwenye ndoo, utaelewa. Namba ingepanda kadiri unavyokanyaga, angeanza na pampu, chujio la mafuta au ile sensa ya kupima hewa inayoingia.

Akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine akaipitisha pitisha juu ya injini kama daktari. Akanipa na mimi nisikilize. Ssssss! Akaubana mpira mmoja mweusi kwa vidole, injini ikatulia tuli. Tukauchomoa. Ni ule mpira unaopitisha mvuke wa injini kurudi kwenye njia ya hewa, umepasuka upande wa chini ambako jicho halifiki. Umri tu. Tukaenda Shaurimoyo, Ilala, tukaupata kwa 8,000. Ile 28 ikashuka hadi 3. Leo ni wiki ya tano, kimya.

Nikapita kwa fundi wa mwembeni, nimeshajiandaa kwa maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema: "Dogo, wewe kila ukija ulikuwa unasema, 'Fundi, nizimie hii taa.' Nami nilikuwa naizima."

Nilikosa la kujibu. Ni kweli, sikuwahi kumwambia atafute ugonjwa. Nilimlipa anyamazishe kelele, naye akanyamazisha.

Sasa wewe mwenye mchuma wako, chukua haya bure. Taa ikiwaka tuli, gari linatetemeka kidogo, nenda kwa fundi, ila waandike namba na zile takwimu kabla mtu hajabonyeza kufuta. Muulize anayekuuzia spea: umejuaje kuwa ni hii? Akisema "tujaribu", jua unajaribiwa wewe. Taa ikiwa inapepesa, hapo usilete ubishi, punguza mwendo na usimame, maana injini inakosa kuchoma na unaweza kuua mtungi wa kusafisha moshi, ambao bei yake utalia.

Na kama unanunua, washa swichi bila kupiga stata. Ile taa lazima iwake kwanza, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda mtu kaing'oa au kaiziba. Mashine ikionyesha kompyuta haijamaliza vipimo vyake, uliza kwa nini, huenda betri imechomolewa juzi. Hayo nilimpa yule kijana wa bodaboda kwa simu siku nilipomwambia gari haliuzwi tena. Alishukuru kuliko ningemuuzia.

Siku hizi Bi Mkubwa akiingia garini alfajiri, anachungulia dashibodi kabla hajafunga mlango. "Mwenye nyumba kaja?"

"Hajaja, mama."

"Haya, twende Mabibo."

Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi. Chau!