PAKA WA SHANGAZI KAKATWA MASIKIO!

Wiki hii tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi, nikupe kisa cha Mweupe, paka wa shangazi yangu kule Kibondo.

Mweupe ndiye mlinzi wa magunia ya mahindi na maharage ya shangazi. Akimaliza kazi anajilaza juu ya ukuta, anaota jua mpaka jioni. Mwaka jana ncha ya sikio ikawa nyekundu, ikafanya gamba, gamba likatoka, likarudi. Watu wakasema kapigana na mapaka ya jirani. Na mimi mjuaji wa familia nikawa nampaka jivii. Miezi minne! Paka mweupe akageuka zambarau, kidonda kinakula sikio tu. Jirani mmoja akaleta Panadol. Hapo sikia vizuri ndugu yangu: Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja. Bahati Mweupe alikitema.

Daktari wa mifugo aliyekubali kumshika paka tulimpata Kasulu. Tukamtia Mweupe kwenye tenga la kuku, tukapanda basi, abiria hawana mbavu. Daktari alimtazama akauliza swali moja: "Huyu anaota jua sana?" Akashuku kansa ya ngozi, tena masikio yote mawili.

Kumbe paka mweupe hana rangi ya kumkinga masikioni na puani. Watafiti wa California waliandika mwaka 1971 kwamba paka weupe wanaipata kansa hii zaidi ya mara 13 kuliko wenzao wenye rangi. Na milimani kwetu kibaridi kinakudanganya, jua linachoma. Ndugu zetu wenye ualbino wanalijua.

Mweupe akapigwa nusu kaputi, masikio yakakatwa pamoja na sehemu ya nyama nzima, maana ukibakiza kidogo ugonjwa unachipua upya. Shangazi machozi yanamtoka: "Sasa panya atawasikiaje?" Anawasikia vizuri tu, sikio la ndani halikuguswa.

Kazi iko kwenye pua. Sikio unakata, pua je? Wenzetu wa Marekani na Uingereza hapo wanatumia mionzi. Kidonda kikiwa kidogo wanakigusisha kifaa chenye strontiamu dakika chache, paka kalala. Kikiwa kikubwa ni mashine, vipindi kadhaa, na kila kipindi nusu kaputi. Kwetu mashine za mionzi ziko Bugando kule Mwanza na Ocean Road, Dar. Foleni ile ni ya watu wanaougua, nani atathubutu kujipanga na tenga la paka?

Juzi nimekwenda Kibondo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu mtazame pua."

Kagamba kadogo, kama punje ya mtama. Siku hizi Mweupe anafungiwa ghalani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, analia mlangoni kama mfungwa. Jumatatu tunapanda basi la Kasulu. Jivii nimeitupa chooni.