Risasi Hazikuota Msituni

Imani kwamba wanawake wa Mau Mau walikuwa wapishi tu imefikia hata kuchongewa sanamu. Ukumbusho uliozinduliwa Uhuru Park, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2015 unaonyesha mwanamke akimkabidhi mpiganaji chakula, kila mmoja akitazama kando ili asije akamtambua mwenzake. Chakula si jambo dogo. Aliyewahi kulala njaa hawezi kulidharau. Lakini sanamu hiyo imeacha nje kitu ambacho bila hicho vita visingedumu hata msimu mmoja: risasi.

Msituni hapakuwa na kiwanda cha risasi. Mafundi waliunda bunduki kwa mabomba ya maji, mbao, makomeo ya milango na mipira, ila risasi zenyewe ilibidi ziibwe au zinunuliwe, nyingine kutoka kwa askari waliokuwa wakiwawinda wapiganaji haohao. Kisha zisafirishwe. Kazi hiyo mara nyingi iliangukia wanawake, waliozificha kwenye viondo na nguo wakipita mbele ya homgadi, walinzi wa upande wa serikali ya kikoloni. Chini ya kanuni za hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, kupatikana na risasi kulitosha kumpeleka mtu kitanzini. Huo si upishi.

Serikali ya kikoloni haikujidanganya. Kuanzia 1954, watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji zaidi ya 800 vyenye ulinzi, shabaha kubwa ikiwa kuikata njia hiyo ya msaada. Kwa hesabu ya mwanahistoria Cora Ann Presley, wanawake zaidi ya 34,000 walihukumiwa kifungo kati ya 1952 na 1958. Adui aliwahesabu; wa kwao ndio waliowasahau.

Presley aliwahoji wanawake wa Kiambu, akachapisha kitabu mwaka 1992. Mwaka 1998 kikatoka kitabu cha maisha ya Wambui Waiyaki Otieno, Presley akiwa mhariri. Wambui, binti wa afisa wa polisi, alifanya ujasusi Nairobi, akashiriki kupitisha silaha, na akaishia kizuizini Lamu. Hata hivyo, jina lake likitajwa leo, kinachokumbukwa ni kesi ya 1987, alipotaka kumzika mumewe, S. M. Otieno, katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong, huko Kajiado. Mahakama iliamua azikwe Nyalgunga, Siaya. Miezi mitano ya mabishano juu ya kaburi imefunika miaka ya vita.

Wapo wanaodai kwamba masimulizi ya mdomo hayaaminiki bila hati. Hoja hiyo inasahau hati zilivyopatikana: faili za polisi zina majina ya waliokamatwa, na aliyepitisha risasi bila kunaswa hakuacha karatasi yoyote. Wanawake wa Uingereza waliotengeneza baruti katika kiwanda cha Gretna wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na daftari za mishahara. Wa Kenya walikuwa salama kadiri walivyokuwa hawajulikani.

Kosa lenyewe huanzia kwenye swali. Mwanamke akiulizwa kama aliingia msituni, atajibu hapana, na mahojiano yataishia hapo. Akiulizwa kilichopita mikononi mwake, kilikotoka na aliyekipokea, mtandao mzima huanza kuonekana. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1952 sasa amevuka 90.