Namba ya dashibodi isimhukumu dereva

Msafiri atokaye Igunga kwenda Singida huvuka mbuga tambarare za Wembere, akafika Shelui, kisha akaupanda mlima Sekenke. Akishapita Misigiri hufika Iguguno, katika Wilaya ya Mkalama. Hapo Iguguno, jioni moja, nilikuta lori lenye tela limesimama kando ya barabara, matawi ya miti yametandazwa mbele na nyuma yake kuwaonya wenye magari. Halikuwa limevunjika kitu. Lilikuwa limeishiwa mafuta. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amesimama na dumu tupu la njano, na utingo wake alikuwa akipatana bei na kijana wa bodaboda.

Maelezo ya dereva yule yalikuwa mafupi. Asubuhi alitumwa kutoka Singida na kichwa kitupu, kwenda Igunga kuchukua tela lenye shehena ambalo kichwa chake cha kwanza kilikuwa kimeharibika. Alipokwisha kulifunga tela, alimpigia simu tajiri wake kuomba fedha za mafuta. Tajiri akamwuliza, "Dashibodi inasemaje?" Dereva akasoma: kilometa 300. Tajiri akajibu kwamba Singida haifiki hata kilometa 200 kutoka hapo, hivyo mafuta yanatosha na kubaki, na akakata simu. Sasa mafuta yalikuwa yamekwisha, na tajiri yule yule alikuwa akiuliza kwa ukali yamekwenda wapi. Hakungoja jibu. Hukumu ilikwisha kutolewa: thamani ya mafuta "yaliyopotea" itakatwa katika mshahara wa dereva.

Ndugu msomaji, kisa hiki si cha lori moja wala cha tajiri mmoja. Ni kisa cha kasumba mpya inayoenea katika makampuni ya usafirishaji na hata katika ofisi zetu za umma, kasumba ya kudhani kwamba namba iliyoandikwa na mashine ni ukweli mtupu, na kwamba neno la mfanyakazi aliyeshika usukani kwa miaka 20 ni uongo mpaka lithibitishwe. Yafaa basi tujiulize: namba ile hutoka wapi?

Hakuna mwujiza ndani yake. Katika tangi mna boya lielealo juu ya mafuta, nalo huiarifu kompyuta ya gari kiasi kilichobaki. Kompyuta hutazama pia gari limekuwa likitumia mafuta kiasi gani katika safari iliyopita karibuni. Hugawa cha kwanza kwa cha pili, ikatoa jibu kwa kilometa. Yaani mashine husema hivi: "Ukiendelea kwenda kama ulivyokuwa ukienda, utafika mbali kiasi hiki." Haisemi zaidi ya hapo. Mara nyingi haijui kwamba umefunga tela dakika tano zilizopita. Haijui kwamba mbele kuna mlima. Inaijua njia uliyotoka, wala si njia unayokwenda.

Tufanye hesabu ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Tuseme kichwa kitupu hutumia lita 20 kwa kila kilometa 100. Tangi likiwa na lita 60, mashine itaandika kilometa 300. Sasa funga tela lililojaa, na tuseme matumizi yanapanda hadi lita 50 kwa kilometa 100. Lita ni zile zile 60, lakini safari iliyobaki ni kilometa 120 tu. Kilometa 180 zimetoweka bila mtu kuiba hata tone moja. Ni kweli kwamba kadiri gari linavyokwenda, mashine hujisahihisha kidogo kidogo na namba hushuka. Lakini wakati huo dereva yuko katikati ya mbuga, fedha hana, na simu ya tajiri haipokelewi.

Tena hapo hatujaupanda Sekenke. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari la ekseli saba kuwa na uzito wa tani 56, gari na mzigo pamoja. Kulinyanyua gari la uzito huo kwa kila mita 100 za kimo kunahitaji nguvu ipatayo megajuli 55. Lita moja ya dizeli ina nguvu ya karibu megajuli 36, na injini nzuri huigeuza kama asilimia 40 tu kuwa kazi. Iliyobaki hupotea kwa joto. Kwa hiyo kila mita 100 za kupanda hula karibu lita nne, mbali na zile ambazo gari lingetumia kwa kwenda tu. Kichwa kitupu cha tani tisa, kikipanda kimo kile kile, hakifikishi hata lita moja. Anayetoka kwenye tambarare ya Wembere na kuanza kupanda huona namba ikianguka mbele ya macho yake. Ongeza upepo wa Singida, ambao wataalamu wametamani kuufulia umeme, ukilipiga tela lenye turubai kubwa. Ongeza matairi yasiyojaa vizuri. Ongeza pia kwamba gari likiinama mlimani mafuta hulala upande mmoja wa tangi, na boya husoma isivyo.

Wapo wasemao kwamba haya ni matatizo ya magari makuukuu, na kwamba magari mapya ya nchi zilizoendelea yana akili. Na watazame huko Marekani basi. Mwaka 2022 kampuni ya Ford ilipoanza kuuza gari lake la umeme la mizigo liitwalo F-150 Lightning, majaribio ya waandishi wa magari yalionyesha kwamba likivuta tela kubwa, umbali wake hupungua hadi nusu au chini ya nusu. Watengenezaji wenyewe waliweka katika gari hilo mahali pa dereva kuandika vipimo na uzito wa tela, ili makadirio yakaribie ukweli. Maana yake ni nini? Ni kwamba mhandisi aliyeibuni mashine amekiri kuwa bila kuambiwa na dereva, mashine haiwezi kujua. Lakini bwana mkubwa wa kwetu, ambaye hakuibuni wala haiendeshi, anaiamini kuliko aliyeibuni!

Wapo pia wasemao, na hawa wana hoja, kwamba madereva huiba mafuta. Hatutaficha. Wapo wanaofyonza mafuta tangini usiku na kuyauza kwa madumu kando ya barabara, na wizi huo ni hujuma kwa mwajiri na kwa taifa. Lakini wizi haukamatwi kwa kukisia. Mwenye nia ya kumkamata mwizi hupima lita. Hujaza tangi mpaka juu, huandika kilometa na uzito wa mzigo, na mwisho wa safari hujaza tena. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Akifanya hivyo kwa safari kadhaa za njia moja na mzigo mmoja, atapata kipimo cha haki, na atakayekizidi bila sababu ataulizwa. Tajiri asiyetaka kazi hiyo, akaona ni rahisi kumkata dereva mshahara, hapambani na wizi. Anamtwisha mnyonge gharama ya uvivu wake.

Na sheria haimruhusu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema wazi kwamba mwajiri hawezi kukata mshahara kwa ajili ya hasara mpaka hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Lazima mwajiri amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Lazima mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Je, simu ya dakika moja iliyopigwa Iguguno magharibi ni maandishi? Je, namba ya dashibodi ni ukokotoaji? Si lolote kati ya hayo.

Hasara nayo si ya fedha peke yake. Injini ya dizeli ikiishiwa mafuta huvuta hewa kwenye mabomba, na hata mafuta yakiletwa, lori haliwaki mpaka hewa itolewe. Injini ikizimika mlimani, pampu ya kujaza upepo wa breki haifanyi kazi tena na usukani huwa mzito. Lori la tani 50 lililokwama gizani kwenye barabara kuu ni kaburi lililo wazi kwa abiria wa basi na kwa mtoto aliyebebwa kwenye bodaboda. Dumu moja la mafuta lililonyimwa Igunga linaweza kulipwa kwa roho za watu wasioijua Igunga.

Wazee wetu walilielewa jambo hili bila kompyuta. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa bandia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyopita kusini. Malori yenye mapipa yakaanza kutoka Dar es Salaam kwenda huko kwa barabara ya vumbi na tope iliyoitwa barabara ya jehanamu, mpaka bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Magari yale hayakuwa na namba ya kutabiri kilometa. Ilibidi neno la dereva kuhusu mzigo, mlima na tope lisikilizwe, kwa kuwa hapakuwa na shahidi mwingine. Leo tumepata shahidi wa pili, ambaye hajui habari zote, nasi tumemfukuza yule wa kwanza!

Hapana budi sasa niwageukie nyinyi mlio maofisini na mashuleni, maana msidhani kwamba haya yanawahusu matajiri wa malori tu. Gari la ofisi hupewa mafuta kwa kipimo kile kile, liwe tupu au liwe linavuta tela la tangi la maji, saruji ya kujengea madarasa au madawati ya shule. Dereva akieleza kwamba mafuta hayatatosha, huonekana mkorofi. Akikwama, huandikiwa barua ya kujieleza. Aliyekaa kivulini akaidhinisha lita hizo kwa kalamu haandikiwi barua.

Mambo manne yanawezekana kesho asubuhi bila kungoja fedha za mfadhili. Kwanza, mafuta yaidhinishwe kwa lita, kwa kutazama uzito wa mzigo, tela na miinuko ya njia, na daftari la safari liwe na nafasi ya kuandika hayo yote. Pili, kila tela linapofungwa, kipimo cha wastani cha kompyuta kianzishwe upya pale gari linaporuhusu, na namba isiaminiwe mpaka gari limekwenda kilometa za kutosha na mzigo huo. Tatu, dereva apewe akiba ya mafuta au fedha yake, na arudishe hesabu kwa risiti. Nne, asikatwe mshahara mtu yeyote kwa ushahidi wa makadirio.

Nanyi walimu, hesabu ya Sekenke iwekeni ubaoni. Mwanafunzi wa Mkalama anayeyaona malori hayo kila siku atafahamu kazi na nishati kwa haraka zaidi kuliko kwa mifano ya mbali, na siku atakapokuwa meneja hatamwuliza dereva maswali ya kijinga.

Niliondoka Iguguno kabla ya bodaboda kurudi. Dereva alikuwa ameketi juu ya jiwe, akiandika nyuma ya karatasi ya mzigo kilometa alizokwenda tangu Igunga, ili apate la kusema atakapofika. Wenye ofisi, pokeeni karatasi hiyo, muisome kabla ya kuandika makato.