Unauza epoksi ya sakafu? Uza na maandalizi yake

Wauzaji wenzangu, yale matangazo ya "paka mwenyewe leo, kesho ingiza gari" mimi siyakubali. Najua yanaleta oda. Lakini epoksi siyo rangi ya ukutani, na mteja anayeitaka kwa ajili ya banda lake la gari anatoa hela nyingi kwa mpigo. Ikibanduka baada ya mwezi hatailaumu simenti, atakulaumu wewe, tena kwenye komenti ambapo kila mtu anasoma.

Mara nyingi shida siyo kopo, ni sakafu. Nyumba zetu nyingi zimemaliziwa kwa niru, ile simenti laini inayong'aa. Epoksi inataka mikwaruzo na vitundu ili ishike. Kwenye niru inakaa juu juu tu. Gari likirudi na tairi za moto likapaki hapo, siku ya pili likitoka linaondoka na kipande cha rangi. Kwa hiyo niru isagwe kwa mashine. Msasa wa mkono kwa banda zima? Labda kama ana mgongo wa akiba. Na kama kuna oili, aioshe kwanza kwa sabuni ya kukata mafuta, ndipo asage.

Kupima ni bure. Adondoshe maji sakafuni: yakinywewa, sawa. Yakibaki yamesimama kama shanga, bado kazi ipo.

Halafu unyevu, hasa kwa sisi wa Dar na pwani nzima. Mwambie abandike kipande cha nailoni, kama sentimita 45 kwa 45, azibe pande zote kwa solotepu pana, akiache mpaka kesho yake. Akifunua akakuta jasho kwa ndani, au simenti imekuwa nyeusi, asipake. Zege jipya nalo kwa kawaida lisubiri angalau siku 28. Ndiyo, hapo unapoteza oda ya leo, na wengine watakununia waende kwa jirani yako. Waache waende.

Kuchanganya nako kuelezwe. Makopo ni mawili, na kipimo ni cha mtengenezaji, siyo cha macho. Kuzidisha hadna "ili ikauke chapu" ni kuiharibu. Ikishachanganywa muda unakimbia, na joto letu linaukimbiza zaidi. Ikiachwa imejaa ndooni inajipasha moto yenyewe na kuganda. Achanganye kiasi anachoweza kupaka. Glavu pia ziwe ndani ya kifurushi, msiziweke kama nyongeza ya kununua. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio, na ukishaupata kwa kawaida hauishi.

Banda likiwa wazi juani, mwambieni mapema kwamba rangi itaelekea njano.

Mtasema hayo maelezo yote yanafukuza wateja. Yanafukuza baadhi, sikatai. Lakini andika bei ya kopo pamoja na gharama ya kukodi mashine ya kusaga, mteja ajue jumla yake kabla hajalipa, siyo baada.

Mimi situmi namba ya malipo kabla sijapata picha ya sakafu na majibu matatu: ni niru au zege tupu? Maji yamenywewa? Nailoni imetoa jasho?