Asante ya Binadamu kwa Punda

Majuzi nilikuwa nikifundisha somo la ngeli. Nilikuwa nimekwisha kueleza kwamba Kiswahili humweka mnyama pamoja na binadamu: punda amefika, punda wamechoka, punda huyu ni wangu. Mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na ngozi yake je? Mbona twasema ngozi hii imeuzwa? Ni wakati gani hasa 'huyu' anapogeuka kuwa 'hii'?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikatazama viatu vyangu vya ngozi.

Kisarufi, jibu ni jepesi: ngozi ni nomino nyingine, yenye ngeli yake. Kimaadili, swali hilo ni zito, na sidhani kwamba tunayo haki ya kulikwepa. Lugha yetu yenyewe hailikwepi. Mwingereza humwita ng'ombe kwa jina moja akiwa zizini na kwa jina jingine akiwa mezani. Sisi twasema waziwazi: nyama ya ng'ombe, ngozi ya chui, pembe za ndovu. Kila tuitajapo bidhaa, twamtaja na mwenyewe. Isitoshe, 'nyama' na 'mnyama' ni maneno ya mzizi mmoja. Tatizo ni kwamba twayatamka bila kuyasikia.

Tuutazame mkasa wa punda wa Kenya. Kuanzia mwaka 2016, vichinjio vinne vya punda vilipewa leseni nchini. Kilichotafutwa hasa ni ngozi, ambayo husafirishwa hadi Uchina na kuchemshwa ili kupata ejiao, gundi itumiwayo katika dawa za kienyeji, vyakula na vipodozi. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo na Mifugo nchini ilikadiria kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja tu. Hahitajiki mtaalamu wa hesabu kuona kwamba kisu kilikwenda mbio kuliko uzazi.

Bei ilipopanda, wizi ulifuata. Wakulima waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu, na baadaye wakauona mzoga vichakani, umechunwa ngozi na kuachwa. Mwezi Februari 2020, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Bw. Peter Munya, alitangaza marufuku. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Mwezi Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Walimu wa mashambani wanajua maana ya mambo haya. Punda akitoweka, mzigo hautoweki. Mitungi ya maji iliyokuwa mgongoni mwake huhamia mgongoni mwa mama, na baada ya mama, mgongoni mwa binti anayefika darasani saa nne akiwa hoi. Wahenga walisema kuwa asante ya punda ni mateke. Haki ingetendeka, punda naye angekuwa na methali yake kutuhusu sisi.

Wako watakaosema kuwa dawa ni kuacha kabisa kutumia chochote kitokacho kwa mnyama. Nawaheshimu, maana wao angalau wamelisikia swali. Hata hivyo, siwezi kumhubiria hayo mfugaji wa Turkana au Wajir, ambaye maziwa na nyama ndiyo maisha yake katika ardhi isiyoota mahindi. Wala mimi mwenyewe sijafika huko: chai yangu ina maziwa, na mshipi wangu ni wa ngozi. Wako wengine watakaosema kuwa wanyama waliumbwa kwa ajili yetu, basi neno limekwisha. Lakini dini hizo hizo zilizoturuhusu kuchinja zilituwekea mipaka. Mwislamu hufunzwa kukinoa kisu vyema, na asikinoe mbele ya mnyama. Ruhusa ya kutumia haijawa kamwe ruhusa ya kutesa.

Baina ya makundi haya mawili, nadhani kila mmoja wetu anaweza kujiuliza maswali matatu. Je, mnyama huyu aliuawa kwa ajili ya kitu hiki pekee? Je, ninakihitaji, au ninajionyesha tu? Na je, ni nani anayeilipa gharama nisiyoiona?

Kiatu cha ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya kitoweo hakikosi lawama, ila lawama yake ni nyepesi. Koti la manyoya ya minki, mnyama mdogo afananaye na kicheche, linashindwa katika maswali yote matatu. Minki hufugwa kizimbani ili achunwe. Mwaka 2020, baada ya virusi vya korona kuingia katika mashamba ya Denmark, serikali iliamuru wauawe wote, zaidi ya milioni 15. Mamilioni yale ya viumbe yalikuwepo duniani kwa ajili ya kola za makoti tu.

Tusiwacheke Wazungu lakini. Hapa kwetu, mwanasiasa akitawazwa kuwa mzee wa jamii, aghalabu huvishwa ngozi ya mbega huku umati ukishangilia. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Basi ngozi ile ilitoka wapi? Tukiambiwa ni mila, tukumbuke kwamba mila nayo huweza kubadilika bila kufa. Waumini wengi wa kanisa la Shembe, Afrika Kusini, wamekubali kucheza ngoma zao za ibada wakiwa na ngozi bandia za chui. Ibada yao haikupungua uzito.

Simlaumu mzazi aliyemuuza punda wake ili apate karo. Umaskini haumpi mtu nafasi ya kuchagua. Lawama ni yetu sisi wenye nafasi ya kuchagua, tunaoingia dukani na fedha mfukoni na kuuliza bei tu.

Mwanafunzi wangu nilimjibu hivi juma lililofuata: 'huyu' hageuki kuwa 'hii' kichinjioni. Hugeuka pale mnunuzi anapoacha kuuliza. Hakuridhika kabisa, nami sikumlaumu. Alinikumbusha kwamba viatu vyangu bado vilikuwa vile vile.

Walimu wenzangu, lipelekeni swali hili madarasani, katika insha na katika midahalo, kabla vijana hawajazoea kutouliza. Wahenga walituusia: ngozi ivute ili maji. Ikishakauka, hainyooki tena.